Mkutubi Aliyecheza Bao Mlangoni Petu

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, usiku wa maadhimisho



Kamati iliniomba nizungumze kwa dakika ishirini juu ya mtu mmoja aliyelifaa hekalu hili katika miaka yake. Nadhani walitarajia nimtaje mmoja wa wafadhili wetu. Wafadhili majina yao yamechongwa kwenye marumaru pale mlangoni, wala hawaihitaji sauti yangu. Nimemchagua mtu ambaye hakutoa hata mfuko mmoja wa saruji, hakuwa Mhindu, na kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuwaazima watoto wa mji huu vitabu na kuwauliza kama wamenawa mikono.

Jina lake sitalitaja, kwa kuwa jamaa zake wameomba lisichapishwe, na yeye mwenyewe asingependa. Aliwahi kuniambia kwamba jina la mwandishi hupigwa chapa, jina la msomaji huandikwa kwa kalamu ya wino, na jina la mkutubi huandikwa kwa penseli, ili anayemfuata apate pa kuandika lake. Sisi watoto wa mjini tulimwita Mwalimu, ingawa hakupata kufundisha darasani. Nami usiku huu nitamwita hivyo hivyo. Nikisema Mwalimu Nyerere mtajua ni yule mwingine.

Maktaba Kuu ya Taifa, pale kwenye barabara tunayoiita leo Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku Uhuru ulipotimiza miaka sita. Bodi ya maktaba ilikuwa imekwisha kuundwa kwa sheria ya mwaka 1963. Kumbukeni hali ya nchi wakati ule: watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma wala kuandika. Walikuwapo waliouliza kwa nini nchi ya namna hiyo ijenge nyumba kubwa ya vitabu katikati ya mji. Mwalimu wetu, aliyekuwa kijana na ndiyo kwanza ameajiriwa, alikuwa na jibu lake. Alisema kwamba mama mjamzito hununua kanga za mtoto kabla mtoto hajazaliwa, wala hapana mtu anayemcheka.

Mimi niliingia mle nikiwa na umri wa miaka kumi. Sikupelekwa na mapenzi ya elimu. Nilikimbilia kivuli na feni, maana duka la baba lilikuwa Mtaa wa Uhuru, na mwezi wa Februari bati la duka lile lilikuwa likikaanga watu. Sehemu ya watoto tulikaa chini. Nikanyosha mguu, unyayo ukagusa kitabu. Nanyi mnajua mtoto wa Kigujarati hufanya nini unyayo wake ukigusa kitabu: nilikigusa kwa vidole, nikavipeleka vidole kwenye paji la uso. Nilifanya upesi, kwa aibu, nikidhani hapana aliyeniona.

Mwalimu aliniona. Akaja akachuchumaa karibu yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, nimefanya nini. Nikamweleza kwamba bibi yangu, ambaye tulimwita Ba, amenifundisha kuwa Saraswati, mwenye elimu, anakaa ndani ya kitabu, na aliyemgusa kwa mguu sharti aombe radhi. Aliuliza swali moja tu: “Hata kitabu cha hesabu?” Nikajibu, “Hata cha hesabu, Mwalimu.” Akasimama, akawaambia watoto wote waliokuwamo, wengi wao Waislamu kama yeye: “Nyumbani kwenu Msahafu unawekwa juu, haurukwi wala haukanyagwi. Mwenzenu huyu anafanya vile hata kwa kitabu cha hesabu. Hebu tumwonee wivu.” Tangu siku hiyo ikawa sheria katika chumba kile kwamba kitabu hakirukwi. Mtu akikiruka, alikuwa akirudishwa nyuma akizunguke.

Wengi mliomfahamu mlimfahamu kwa mzaha wake, na mzaha wake ulitoka kazini. Vitabu vya maktaba, kama mjuavyo, hupangwa kwa namba, kwa utaratibu uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Elimu yote ya wanadamu imegawanywa katika mafungu kumi, na dini zimepewa namba zinazoanza na 200. Mwalimu alikuwa akieleza hivi: “Bwana Dewey aliwapa Wakristo karibu nyumba nzima. Alipokuja kukumbuka kwamba duniani wako na watu wengine, chumba kilichobaki kilikuwa kimoja cha uani, namba 290. Akatusukumia humo sote. Wahindu wako 294, sisi Waislamu tuko 297. Kati yetu 295 yuko Mparsi, na 296 yuko Myahudi. Kwa hiyo, Bhai, wewe na mimi ni wapangaji wa chumba kimoja, na ukuta ni mwembamba. Usiku ukikohoa nasikia.” Maneno hayo alimwambia baba yangu siku ya kwanza alipoingia dukani kwetu, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka mbele ya wateja, alicheka. Toka hapo walisalimiana kwa namba. Mmoja akisema, “Habari za 294?” mwenziwe alijibu, “Salama, jirani wa 297.” Wateja walidhani ni bei ya mali.

Paka wa maktaba naye alikuwa na namba. Katika utaratibu ule paka wamewekwa 636.8, na yule paka hakuitwa kwa jina jingine lolote. Ukiuliza paka yuko wapi, Mwalimu alijibu, “636.8 yumo kwenye 641,” yaani kwenye vitabu vya mapishi, kwa sababu dirisha la rafu ile liliota jua asubuhi. Wakubwa wake wa kazi walimuuliza mara moja ni kwa kanuni gani mnyama anakaa katika jengo la serikali. Akajibu kwa barua kwamba panya wanakula vitabu bila kadi, na kwamba mtumishi huyu anayewazuia hadai mshahara, likizo wala sare. Hiyo barua niliiona kwa macho yangu. Jibu halikuja, na paka akabaki.

Mapenzi yake kwa wanyama hayakuchagua wazuri. Kunguru, kwa mfano, hakuna ampendaye katika mji huu. Ndege hawa weusi wenye shingo ya kijivu asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka, nao wakazaana wakavuka mpaka huku, wakanyang'anya vifaranga, mayai na chakula cha watoto wa shule. Mwalimu hakuyakataa makosa yao. Lakini aliponiona siku moja ninamrushia kunguru jiwe alinishika mkono akasema, “Taratibu, kijana. Huyu ni mtu wa kwenu. Alikuja bila pasipoti, hakuna aliyemuuliza anarudi lini, na sasa Kiswahili chake ni kizuri kuliko chako.” Nilipokuwa mkubwa nilimweleza kwamba sisi, katika siku za kuwakumbuka marehemu wetu, huweka chakula juu ya paa kwa ajili ya kunguru. Akafurahi kama mtu aliyeletewa habari ya harusi. Kila mwaka majira hayo yalipofika alikuwa akiuliza kama wazee wangu wamekwisha kula.

Sasa nije kwenye hadithi ya kima, ambayo wajukuu wangu wameisikia mara nyingi na wataniwia radhi.

Kila Jumamosi asubuhi alitusomea hadithi. Siku hiyo alisoma hadithi ya kima na papa, katika zile alizozikusanya Zanzibar Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu huko, zikachapwa London mwaka 1870. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, kila siku anamtupia papa matunda. Siku moja papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni. Katikati ya bahari anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwa utulivu kwamba ni bahati mbaya, kwa maana kima wakisafiri huiacha mioyo yao mitini. Afadhali warudi wakauchukue. Papa anarudi. Kima anaruka juu ya mti, na papa bado anangoja.

Mimi nikasimama katikati ya hadithi nikasema, “Mwalimu, hii ni hadithi ya Ba!” Kwa kuwa hadithi ile ile, mbele ya watu wote mlioko hapa wenye nywele nyeupe na waliokua katika Kigujarati, ndiyo tuliyolazwa nayo usiku. Kwetu ni nyani na mamba, si kima na papa. Mti kwetu si mkuyu, ni mzambarau, na anayeutaka moyo ni mke wa mamba, ambaye amepiga hesabu kwamba mnyama aliyekula zambarau maisha yake yote bila shaka moyo wake ni mtamu. Lakini mgongo ni ule ule, na maji ni yale yale, na jibu la mnyama ni lile lile.

Mwalimu mwingine angeniambia nikae. Yeye alikifunga kitabu akasema hadithi ya leo ataimalizia mtoto huyu. Wiki iliyofuata akaleta karatasi kubwa aliyochora ramani ya bahari yetu, kutoka Kutch na Kathiawar hadi Kilwa. Akatueleza kwamba hadithi hiyo imo katika kitabu cha kale cha Kisanskriti kiitwacho Panchatantra. Kwamba katika karne ya 6 kitabu hicho kilifasiriwa kwa lugha ya Waajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Kutoka hapo, alisema, hadithi haikuhitaji tena kitabu. Ilipanda jahazi pamoja na tende na nguo. Kisha akauliza, “Nani ataniambia, mamba aligeukia wapi kuwa papa?” Hapana aliyejua. Akasema, “Maji ya chumvi. Mamba aliona hayamfai, akashuka njiani.”

Nilimsimulia Ba. Ba alikaa mji huu miaka arobaini na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha bamia na bei. Aliposikia kwamba Waswahili wanayo hadithi yake, kwanza alikasirika, akadhani imeibwa. Halafu akaamuru mtu huyo aletwe. Mwalimu alikuja jioni, amevaa kanzu safi, akakaa penye kiti cha baba. Ba akamsimulia ya kwetu kwa Kigujarati, yeye akamsimulia ya Steere kwa Kiswahili, mimi mtoto wa miaka kumi nikiwa mkalimani katikati, na thepla zikipoa. Sehemu ya papa Ba alishtuka, maana hatuli samaki. Mwalimu akamtuliza: “Ba, huyu hatumli, tunamsikiliza tu.” Toka siku ile hapakuwa na Diwali ambayo sahani yake haikutengwa.

Juu ya michezo, sijui nianzie wapi. Alicheza drafti, karata, keram na sataranji, na kila mchezo alijua ulikotoka. Yeye ndiye aliyenifahamisha kwamba sataranji ilizaliwa India, na kwamba ule mchezo wa watoto wa nyoka na ngazi nao ni wetu, zamani ngazi zilikuwa fadhila na nyoka zilikuwa dhambi. Alipofika hapo alituuliza kwa nini basi katika Satam-Atham baadhi ya watu wa hekalu hili, sitaji majina na wao wanajijua, hukesha na karata na mifuko wazi. Hakupata jibu la maana mpaka leo.

Lakini mapenzi yake hasa yalikuwa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64, na kete zake zilikuwa za komwe zilizong'arishwa na vidole vya watu watatu waliomtangulia katika ukoo wake. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo katika nyumba, na kete 22 mkononi, azinamue moja moja. Ndipo mchezo uingie kwenye mtaji. Alinifundisha miaka minne nisimshinde. Alikuwa akisema kosa la mwanafunzi ni kutaka kula kila anapoona chakula. Mchezaji ahesabu kwanza kete yake ya mwisho inatua wapi. Mimi ni mfanyabiashara niliyeishia kidato cha nne, sikusoma uhasibu popote. Kila mzigo nilioagiza maisha yangu niliuhesabia pale inapotua kete ya mwisho, na mkopo uliotolewa kwangu kwa tabasamu niliutazama kama nyumba ya mtu iliyoachwa wazi kwa makusudi.

Mwaka 1971 majengo yalipotaifishwa, familia nyingi za mitaa hii zilianza kuondoka. Darasani kwetu viti vilikuwa vikibaki vitupu kila baada ya likizo. Mtoto aliyekuja kurudisha vitabu vyake kwa mara ya mwisho, Mwalimu hakuichana kadi yake. Aliiweka katika kopo la biskuti. Tulimuuliza anaziweka za nini, akasema msomaji hafutwi kwa sababu amehama mtaa. Miaka zaidi ya ishirini baadaye mmoja wao, mwenye kipara na duka la dawa Leicester, alikuja kuwaonyesha wanawe alipozaliwa. Nilimpeleka kwa Mwalimu. Mzee akalifungua kopo, akapekua, akamkabidhi kadi yake na kumwambia kwa uso mkavu, “Unadaiwa senti hamsini. Ulichelewa siku mbili.” Yule bwana alilipa shilingi elfu kumi, akakaa kibarazani akalia, na watoto wake wakidhani baba yao ametukanwa.

Na sasa niseme jambo ambalo ndilo lililonifanya nimchague.

Wenye umri wangu wanaukumbuka mwaka 1983 na kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi. Bidhaa zilikuwa haba tangu vita vya Kagera. Sabuni, sukari na nguo vilitafutwa kwa tochi. Watu walikuwa wakikamatwa, wengine wakiwa na makosa, wengine kwa kuwa jirani alisema. Duka letu lilipekuliwa, baba akachukuliwa kuhojiwa, na hatukuambiwa atarudi lini. Alikaa siku kumi na saba. Aliachiwa bila shitaka.

Siku kumi na saba hizo mtaa ulibadilika. Sisemi kwamba watu walituchukia. Waliogopa, na mtu anayeogopa hupita upande wa pili wa barabara. Wateja wetu wa miaka yote waligeuza nyuso. Hata baadhi ya jamaa zetu, nao nawaelewa, walituma watoto kuuliza hali badala ya kuja. Mimi nilikuwa na miaka 25, nimekaa nyuma ya meza katika duka ambalo halikuingiwa na mtu, mama yuko ndani hali chakula.

Jioni ya pili Mwalimu alikuja kutoka kazini. Amebeba ubao wa bao kwapani. Hakuingia ndani. Aliuweka ubao kwenye ngazi ya mlango wetu, nje kabisa, mahali ambapo Mtaa wa Uhuru wote unaona, akakaa, akazipanga kete, akaanza kucheza. Nilitoka nikamwambia, “Mwalimu, si vyema, watakuona.” Akasema, “Ndiyo maana sikukaa ndani.” Nikamwambia, “Wewe ni mtumishi wa serikali.” Akajibu kwamba saa za kazi zimekwisha, na kwamba anataka mtu wa kucheza naye, na kama mimi nina shughuli nyingi na wateja, atacheza peke yake.

Nilikaa. Siku ile hakuja mtu. Siku ya tatu akasimama mzee mmoja muuza kahawa, kwa sababu mchezaji wa bao hawezi kupita ubao bila kusema kete ile ingekwenda kushoto. Siku ya tano walikuwa sita. Siku ya kumi palikuwa na baraza nzima mlangoni petu, watu wanabishana, kahawa inauzwa, na mama akafungua dirisha akauliza kama wanataka maji. Kutoka kwa watu wale ndipo tulipopata aliyejua baba yuko wapi, na aliyeweza kumpelekea chakula asichokatazwa na dini yake. Mwalimu alikuja kila jioni, siku zote, mpaka baba alipotokea mwisho wa mtaa, amekonda, anatembea kwa miguu. Baba akasimama mbele ya ubao. Mwalimu hakuinuka. Alimsogezea kigoda akasema, “294, mwanao ananamua kama mtu anayefukuzwa. Kaa unisaidie kumfundisha.”

Sikumsikia akilisimulia jambo hilo hata mara moja. Nililisimulia mimi mbele yake siku ya harusi yangu, naye akakatiza kusema kwamba alikuja kwa sababu ngazi yetu ilikuwa na upepo.

Hekalu hili linaingia hivi. Usiku wa Diwali sisi wafanyabiashara huleta hapa vitabu vipya vya hesabu tuvifanyie Chopda Pujan, tuombe baraka za Lakshmi, Ganesh na Saraswati kabla hatujaandika mstari wa kwanza. Baba alimwalika Mwalimu aje kutazama. Alitazama yote kwa adabu, akala, akashukuru, kisha akauliza mbele ya wazee: “Ndugu zangu, vitabu hivi havina bado hata neno moja, nanyi mmeviwekea maua. Vyangu vimejaa maneno, mbona hamji hata kuviazima?” Pakawa kimya. Halafu akacheka mzee aliyekuwa mwenyekiti wetu wakati huo, Mungu amrehemu, na kicheko chake ndicho kilichozaa chumba cha kusomea kilichoko nyuma ya jiko la hekalu. Rafu zilitengenezwa na fundi wa Gerezani. Vitabu vya Kigujarati vilitoka majumbani, vya Kiswahili na vya shule vilinunuliwa kwa mchango. Mwalimu alikuja siku zake za mapumziko, Jumapili kumi na moja, akaviandika namba vyote kwa mkono wake, bila malipo. Ndiyo sababu katika hekalu la Wahindu liko fungu la 297 lililopangwa vizuri, na ndiyo sababu Ramayana yetu ina namba nadhifu mgongoni yenye mkia kidogo, kwa kuwa nne zake aliziandika hivyo.

Moto ulipoteketeza soko la Kariakoo usiku wa tarehe 10 Julai 2021, yeye alikuwa mzee sana, macho yamekwisha. Alikuwa ameliona jengo lile la Beda Amuli likijengwa tangu msingi, miaka ya 1970, na alijivuna nalo kama kwamba alishika koleo. Nilikwenda kwake asubuhi. Aliuliza kama wamekufa watu. Akauliza ni wafanyabiashara gani tunaowajua wamepoteza mali. Kisha akauliza, “Na paka?” Paka wa soko lile walikuwa wakiishi kwa mabaki ya wauza samaki. Alimtuma mjukuu wake na dagaa wa shilingi elfu tano, kila siku, mpaka fedha za pensheni za mwezi ule zikaisha, na mwezi uliofuata akaanza tena. Alipofariki tulimzika makaburi ya Kisutu, na waliobeba jeneza walikuwa wa namba zote za chumba kile cha uani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, dakika zangu zimebaki chache. Katika ajenda za mkutano wa Jumapili ijayo, kifungu cha nne, liko pendekezo la kukifunga chumba cha kusomea na kukipangisha kuwa ghala. Mwenye kuleta pendekezo ni rafiki yangu na hana nia mbaya. Hesabu yake ni sahihi: kodi za ghala mitaa hii zimepanda mno, paa la hekalu linavuja, na chumba kile kwa siku nyingi hukaa watu watatu. Mimi ni mtu wa biashara, sidharau kodi. Lakini nilikwenda nikakaa mle Jumamosi tatu mfululizo, nikawatazama hao watu watatu. Mmoja ni binti wa mama anayeuza vitunguu Mtaa wa Kongo, yuko kidato cha tatu, na nyumbani kwao vyumba viwili wanalala watu tisa. Alikuwa amekaa 510, hesabu. Kitabu kilipoanguka, alikiokota akakigusisha kwenye paji la uso. Nilimuuliza amejifunza wapi. Akasema hajui, watoto wa chumba hicho wote hufanya hivyo.

Kwa hiyo nimeiandikia kamati barua, na nakala iko kwa katibu. Kodi ya chumba kile, kwa bei kamili ya ghala, nitailipa mimi kwa miaka mitano, ipelekwe kwenye paa. Masharti yangu ni mawili. Chumba kifunguliwe Jumamosi na Jumapili kwa watoto wote wa mtaa bila kuulizwa dini wala ada. Na ule ubao wa bao, ambao familia yake imetukabidhi, ukae mezani, usifungiwe katika kabati la kioo. Nimehesabu kete zake ni 63. Moja ilimezwa na kitukuu, naye yu mzima. Ya 64 nimeweka kifungo cha koti kutoka dukani kwangu. Atakayeona hakifai alete komwe.

 Akina mama wananiashiria kwamba chai inapoa.